Ajali ya Kiwandani Ina Kinga: Nani Ailipie?

Msomaji, wahenga walisema ajali haina kinga. Methali hiyo husikika kila mara basi linapobingirika, ghorofa linapoporomoka au kiwanda kinapoteketea. Husemwa kwa nia njema ya kuwafariji waliofiwa. Hata hivyo, katika mambo ya afya methali hii ni ya kutahadhari nayo. Zamani watu waliamini kwamba ndui nayo ni kudura tu. Leo hakuna anayeugua ndui popote ulimwenguni, kwa sababu chanjo ilipelekwa hadi kila pembe ya dunia. Ajali za kazini, vivyo hivyo, zina chanzo, zina dalili na zina kinga. Taabu ni kwamba kinga yake hugharimu pesa, na kila mmoja humwachia mwenzake azilipe.

Juma hili tutaliangalia jambo hilo kupitia nguo tunazovaa. Tutauliza: mtu anayeketi mbele ya cherehani akiumia au kufa, je, mwenye kiwanda ndiye peke yake wa kuulizwa? Au pia anapaswa kuulizwa yule aliyeagiza nguo hizo, pamoja na yule aliyeweka pesa zake katika kampuni iliyoziagiza?

SAFARI YA SHATI

Hebu geuza ukosi wa shati lako utazame kile kitambaa kidogo kilichoshonewa ndani. Utaona jina la kampuni, na chini yake jina la nchi: Bangladesh, China, Vietnam au pengine Kenya. Watu wengi hudhani kuwa kampuni hiyo ndiyo iliyoshona shati. Aghalabu sivyo. Kampuni nyingi zenye majina makubwa hazimiliki viwanda vya kushona. Zenyewe huchora mitindo, huitangaza na kuiuza. Kazi ya kushona hupewa kiwanda cha nchi nyingine, mara nyingi kupitia kwa wakala. Kiwanda hicho kikizidiwa na kazi, huweza kupeleka sehemu yake katika kiwanda kingine kidogo ambacho kampuni yenye jina haikijui kabisa.

Sasa fuatilia jinsi maamuzi yanavyoteremka. Wenye hisa hutaka faida iongezeke kila mwaka. Wakuu wa kampuni huwaagiza maofisa wao wa ununuzi watafute bei ya chini na wahakikishe mzigo umefika kwa tarehe fulani. Maofisa hao huwaambia wenye viwanda, "Ukishindwa, jirani yako ataweza." Mwenye kiwanda hukubali bei hiyo, kisha hutazama mahali pa kupunguza gharama. Bei ya kitambaa hawezi kuipunguza. Umeme hawezi kuupunguza. Kinachobaki ni mshahara, muda wa kupumzika, ukarabati wa jengo, na ngazi ya dharura ambayo huenda isitumike kwa miaka kumi.

Kwa hiyo hatari anayoikuta mshonaji ghorofani huwa imeanza mbali, kwenye meza ambayo yeye hataiona maishani. Kumbuka jambo hili, kwani ndilo msingi wa somo letu.

YALIYOTOKEA SAVAR

Bangladesh ni mojawapo ya nchi zinazouza nguo nyingi zaidi ng'ambo. Karibu na mji mkuu wa Dhaka kuna mji uitwao Savar. Hapo palikuwa na jengo la ghorofa 8 lililoitwa Rana Plaza. Chini palikuwa na maduka na tawi la benki, na juu palikuwa na viwanda 5 vya nguo. Ghorofa za juu ziliongezwa bila kibali halali, na jengo lenyewe halikukusudiwa kubeba viwanda. Mashine zilitikisa sakafu. Majenereta mazito yaliwekwa juu ghorofani, na kila umeme ulipokatika yaliunguruma na kutikisa nguzo.

Jumanne, tarehe 23 Aprili 2013, nyufa kubwa zilionekana kwenye nguzo na kuta. Mhandisi aliyeitwa kuzitazama alionya kwamba jengo si salama. Watu wakatolewa nje. Mwenye jengo naye akatangaza kuwa hakuna hatari.

Kesho yake, Jumatano, benki iliwaweka wafanyakazi wake nje ya jengo. Maduka pia yalifungwa. Washonaji, walio wengi wao wanawake vijana, waliamriwa waingie kazini. Baadhi yao walisimama nje wakisita, wakatishwa kwamba watakosa mshahara. Saa tatu kasoro dakika chache asubuhi, umeme ulikatika. Majenereta yakawashwa. Punde jengo zima likaanguka.

Zaidi ya watu 1,100 walikufa. Wengine wapatao 2,500 waliokolewa wakiwa majeruhi, na baadhi yao iliwabidi kukatwa mikono au miguu ndani ya kifusi ili waweze kutolewa. Mwanamke mmoja alipatikana akiwa hai baada ya siku 17. Katika vifusi, vipande vya nguo na karatasi za maagizo vilionyesha majina ya kampuni zinazojulikana Ulaya na Amerika.

Msomaji wa Nairobi hahitaji kufafanuliwa ufa ukutani ni kitu gani. Mwaka 2016 jengo la kukodisha liliporomoka Huruma wakati wa mvua, na watu wapatao 50 wakapoteza maisha. Hapo pia dalili zilikuwepo kabla ya msiba.

DALILI ZILIONEKANA, MBONA HAWAKUKATAA?

Huenda ukauliza: kama nyufa zilionekana, mbona watu hao waliingia? Jibu la swali hili lina mafunzo mengi kuliko hesabu ya waliokufa.

Wafanyakazi wa benki na washonaji waliziona nyufa zile zile. Wa benki walibaki nje kwa sababu mwajiri wao aliamua hivyo, na mishahara yao haikuwa hatarini. Mshonaji alikuwa katika hali nyingine. Wakati huo kima cha chini cha mshahara katika viwanda vya nguo vya Bangladesh kilikuwa taka 3,000 kwa mwezi, yaani karibu dola 38 za Marekani. Mwisho wa mwezi ulikuwa umekaribia. Kukosa mshahara huo kulimaanisha kukosa kodi ya nyumba na chakula cha watoto. Tena, viwanda vilivyokuwa katika jengo hilo havikuwa na chama cha wafanyakazi cha kusimama mlangoni na kusema, "Leo haingii mtu."

Kwa upande wake, msimamizi alikuwa na maagizo ya kukamilisha kwa tarehe. Viwanda vinapochelewa, mara nyingi hulazimika kupeleka mzigo kwa ndege kwa gharama yao wenyewe, au hukatwa sehemu ya malipo. Hivyo kila mtu alikuwa anaogopa jambo fulani, na hofu ya njaa ikawa na nguvu kuliko hofu ya ufa.

Hapa ndipo tunapoona kwamba elimu peke yake haitoshi kuwa kinga. Washonaji wa Rana Plaza walijua kabisa kwamba jengo lina hatari. Walichokosa ni uwezo wa kukataa.

HAIKUWA MARA YA KWANZA

Tarehe 25 Machi 1911, kiwanda cha nguo cha Triangle mjini New York kilishika moto. Wafanyakazi 146 walikufa, wengi wao wakiwa wasichana wahamiaji. Mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, na ngazi za zimamoto zilifika ghorofa ya 6 tu ilhali watu walikuwa ghorofa ya 8 hadi ya 10. Wenye kiwanda walishtakiwa, wakaachiliwa huru. Lakini umma wa jiji hilo ulikasirika, tume ikaundwa, na jimbo la New York likapitisha sheria nyingi za usalama wa viwanda. Milango na ngazi zikabadilika kwa sababu serikali ililazimisha na vyama vya wafanyakazi vikakaza uzi.

Baadaye kazi ya kushona ilihamia nchi nyingine, ambako mishahara ilikuwa ya chini na wakaguzi wa serikali wachache. Hatari zile zile zikahama nayo. Tarehe 11 Septemba 2012 kiwanda cha Ali Enterprises mjini Karachi, Pakistan, kiliteketea na kuua zaidi ya watu 250. Miezi miwili baadaye, tarehe 24 Novemba 2012, moto ulizuka katika kiwanda cha Tazreen, karibu na Dhaka. Zaidi ya watu 110 walikufa. King'ora kilipolia huko Tazreen, baadhi ya wasimamizi waliwaambia wafanyakazi warudi kwenye mashine. Ngazi zote ziliteremka hadi ghorofa ya chini, ambako vitambaa vilikuwa vinawaka, na madirisha mengi yalikuwa na vyuma.

Kuhusu Karachi, mahakama ya huko iliamua mwaka 2020 kwamba moto uliwashwa makusudi na wahalifu waliokuwa wakidai pesa kwa vitisho. Huenda mtu akasema, basi kiwanda hakina lawama. Lakini angalia vizuri: mwenye kuwasha moto ni mmoja, na kinachowazuia watu kutoka ni kingine. Milango iliyofungwa na vyuma vya madirishani ndivyo vilivyogeuza moto kuwa maangamizi. Sisi Wakenya tunalijua jambo hilo kwa uchungu. Mwaka 2001 wanafunzi 67 wa shule ya upili ya Kyanguli, Machakos, walikufa bwenini. Huko pia moto uliwashwa kwa makusudi, na huko pia mlango ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma.

CHETI UKUTANI

Tangu miaka ya 1990, baada ya magazeti na wanaharakati kufichua ajira ya watoto na mateso viwandani, kampuni kubwa zilianza kuandika kanuni za maadili na kutuma wakaguzi. Kwa nini basi maafa yaliendelea?

Kiwanda cha Karachi kinatupa jibu. Wiki chache tu kabla ya moto, kilipewa cheti cha kimataifa cha SA8000 kuthibitisha kwamba kinazingatia haki na usalama wa wafanyakazi. Huko Savar pia, baadhi ya viwanda vya Rana Plaza vilikuwa vimekaguliwa kwa niaba ya wanunuzi, lakini ukaguzi huo haukuhusu uimara wa jengo.

Ukaguzi wa namna hii una kasoro nne ambazo msomaji anafaa kuzifahamu.

Kwanza, mara nyingi anayekaguliwa, au anayenunua nguo, ndiye anayemlipa mkaguzi. Ni kama mgonjwa kujichagulia daktari wa kumwandikia barua kwamba yu mzima. Daktari akiandika vingine, mgonjwa huenda kwa mwingine.

Pili, mara nyingi siku ya ukaguzi hujulikana mapema. Milango hufunguliwa, vyoo husafishwa, na wafanyakazi hufunzwa la kujibu.

Tatu, ripoti huwa siri. Mkaguzi akiona hatari humwambia aliyemtuma, wala si wafanyakazi wanaolala na kuamka na hatari hiyo.

Nne, mkaguzi hana uwezo juu ya bei. Anaweza kudai ngazi mpya ya kutorokea moto, huku ofisa wa ununuzi wa kampuni ile ile akidai shati lipungue bei. Mwenye kiwanda husikia amri mbili, naye hufuata ile inayoleta pesa.

DAWA ILIYOFANYA KAZI

Kabla ya Rana Plaza kuanguka, rasimu ya mkataba wa usalama ilikuwa imekwisha kuandikwa na vyama vya wafanyakazi. Kufikia mwisho wa mwaka 2012, ni kampuni 2 tu zilizokuwa zimekubali kutia sahihi: PVH ya Marekani na Tchibo ya Ujerumani. Majuma machache baada ya maafa, mnamo Mei 2013, kampuni zilianza kupanga foleni. Hatimaye zaidi ya kampuni 200 zilitia sahihi Mkataba wa Usalama wa Moto na Majengo wa Bangladesh, unaojulikana kama Accord.

Mkataba huo ulikuwa wa miaka 5, nao ulitofautiana na kanuni za maadili za zamani kwa mambo haya:

1. Ulifunga kisheria. Kampuni iliyokiuka iliweza kupelekwa mbele ya wasuluhishi, na uamuzi wao ungetekelezwa na mahakama za nchi yake.

2. Vyama vya wafanyakazi vilikuwa na nusu ya sauti katika usimamizi.

3. Wakaguzi walikuwa wahandisi wa majengo, umeme na moto, wasiolipwa na kiwanda, na ripoti zao zilichapishwa kwa wote kuzisoma.

4. Kila kampuni ililipa ada kulingana na wingi wa nguo inazonunua, na kila kampuni iliahidi kuhakikisha kwamba kiwanda kinapata pesa za kufanyia matengenezo.

5. Mfanyakazi alikuwa na haki ya kukataa kuingia mahali pa hatari bila kufukuzwa wala kukatwa mshahara.

6. Kiwanda kilichokataa kurekebisha kilikosa biashara ya kampuni zote zilizotia sahihi, wala si ya moja tu.

Wahandisi walikagua zaidi ya viwanda 1,600 vyenye wafanyakazi wapatao milioni 2. Katika ukaguzi wa kwanza walikuta kasoro zaidi ya 80,000: nguzo zilizolemewa, nyaya za umeme zilizo wazi, milango ya kufungwa kwa makufuli. Baada ya miaka kadhaa, zaidi ya asilimia 90 ya kasoro hizo zilikuwa zimerekebishwa. Na sahihi zilionekana kuwa na uzito. Vyama vya wafanyakazi vilizipeleka kampuni 2 mbele ya wasuluhishi huko The Hague, na mwaka 2018 mojawapo ikakubali kulipa zaidi ya dola milioni 2 ili kuyamaliza mambo. Mkataba mpya wa kimataifa ulianza mwaka 2021, na baadaye mpango huo ukapelekwa Pakistan.

Yafaa pia kusema ukweli kuhusu upungufu wake. Mkataba ulihusu majengo, moto na umeme, haukupandisha mshahara. Kampuni kadhaa kubwa za Amerika Kaskazini hazikutia sahihi, zikaunda mpango wao ambao vyama vya wafanyakazi havikuwa na sauti sawa. Tena, viwanda vidogo vinavyoshona kwa mlango wa nyuma viliendelea kubaki gizani.

MWENYE HISA NAYE?

Sasa tufike kwa wenye pesa. Hoja yao ya kawaida ni hii: "Mimi nimenunua hisa tu. Sikuajiri mtu wala sikujenga jengo." Kisheria, maneno hayo huwa na nguvu, kwani mwenye hisa hadaiwi madeni ya kampuni kupita kiasi alichoweka. Lakini kukosa kudaiwa ni jambo moja, na kukosa wajibu ni jingine. Mwenye hisa ana kura katika mkutano wa kila mwaka. Ana haki ya kuuliza maswali. Anaweza kuwakataa wakurugenzi. Faida inayotokana na bei ya chini humfikia yeye. Haiwezekani apokee tunda na kudai hajui mti ulipo.

Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu biashara na haki za binadamu za mwaka 2011 zinasema kuwa kampuni ina wajibu wa kuheshimu haki za watu hata pale madhara yanapotokea kwa wale inaofanya nao biashara. Mwezi Juni 2022, Shirika la Kazi Duniani nalo liliweka usalama na afya kazini miongoni mwa haki za msingi za kila mfanyakazi. Ufaransa ilipitisha mwaka 2017 sheria ya kuzitaka kampuni kubwa zichunguze hatari katika viwanda vinavyozihudumia, na Ujerumani ikapitisha ya kwake mwaka 2021.

Wawekezaji wameonyesha kwamba wakitaka, wanasikilizwa. Mwaka 2013, muungano wa wawekezaji wa kidini na wengineo wenye makao New York, ICCR, uliwakusanya wasimamizi wa fedha wenye kushika matrilioni ya dola, wakazihimiza kampuni zitie sahihi Mkataba wa Bangladesh na zichangie fidia. Fidia hiyo ilihitaji msukumo kweli kweli. Mfuko wa waathiriwa wa Rana Plaza, uliosimamiwa na Shirika la Kazi Duniani, ulikuwa na lengo la dola milioni 30, nao ulijaa Juni 2015 tu, miaka 2 na zaidi baada ya maafa. Muda huo wote wajane na walemavu walikuwa wakingoja.

Njia nyingine ni kuondoa pesa. Mwaka 2006, mfuko wa mafuta wa Norway, ambao ni miongoni mwa mifuko mikubwa kuliko yote duniani, uliuza hisa zake za Walmart kwa sababu ya ukiukaji wa haki za wafanyakazi, ikiwa ni pamoja na wale wa viwanda vinavyoiuzia bidhaa. Kampuni hiyo iliruhusiwa kurudi katika orodha mwaka 2019.

Lakini tahadhari: kuondoka si dawa ya kwanza. Kampuni inapokimbia kiwanda au nchi baada ya ajali, washonaji hubaki bila kazi, na jengo hubaki na nyufa zake. Hata daktari hamwachi mgonjwa kitandani ati kwa kuwa ugonjwa wake unatisha. Mwekezaji na mnunuzi wenye busara hubaki, hulipa bei inayotosha matengenezo, hufuatilia, na kuondoka pale tu mwenye kiwanda anapokataa katakata kubadilika.

MARADHI YASIYOTANGAZWA

Majengo yanapoanguka, magazeti huandika. Yako maradhi mengine ya viwanda vya nguo ambayo huua au kulemaza polepole bila mtu kusikia.

Vumbi la pamba katika viwanda vya kusokota nyuzi huleta ugonjwa wa mapafu uitwao bisinosisi. Dalili yake ya kwanza ni kubanwa na kifua siku ya Jumatatu, mtu anaporudi kazini baada ya kupumzika. Asipoondolewa kwenye vumbi, kubanwa huko huendelea siku zote za juma.

Zile suruali za jinzi zinazouzwa zikiwa zimepauka kana kwamba zimevaliwa miaka mingi, zamani nyingi zilipauswa kwa kupulizwa mchanga kwa nguvu ya hewa. Mchanga huo hutoa vumbi laini linaloharibu mapafu kabisa na kuleta silikosisi, ugonjwa usio na tiba. Nchini Uturuki vijana wengi waliugua na wengine wakafa, na mwaka 2009 serikali ikapiga kazi hiyo marufuku. Mwaka 2010, Levi Strauss na H&M zilitangaza kuacha kununua nguo za namna hiyo. Tafakari, msomaji: mapafu ya vijana yaliharibika kwa ajili ya rangi ya mtindo, na mtindo huo uliamuliwa na mtu aliye mbali.

Kuna pia maumivu ya mgongo na shingo kwa kuinama saa nyingi, sindano kupenya kidole, na masikio kuzibwa na kelele. Tena kuna jambo ambalo kina mama huona haya kulisema. Mahali ambapo kwenda msalani huhesabiwa kwa dakika, mfanyakazi huacha kunywa maji ili asihitaji kwenda. Kukosa maji na kuzuia mkojo kila siku huongeza hatari ya maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo huweza kupanda hadi kwenye figo.

HUKU KWETU

Somo hili halikomei Asia. Tangu sheria ya mwaka 1990 ilipoanzisha maeneo maalumu ya viwanda vya kuuza ng'ambo, EPZ, na hasa Marekani ilipopitisha sheria ya AGOA mwaka 2000, maelfu ya Wakenya, wengi wao wanawake, wameajiriwa Athi River na kwingineko kushona nguo za kuuzwa Marekani. Wao pia wako katika mfuatano ule ule wa mwenye hisa, mwenye jina, wakala na kiwanda.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inasema mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama yenye wawakilishi wa wafanyakazi. Inakataza mlango wa kutokea kufungwa kwa namna ambayo hauwezi kufunguliwa upesi kutoka ndani watu wakiwa kazini. Tena inasema mfanyakazi akiripoti hatari kubwa iliyo karibu, mwajiri hapaswi kuwarudisha watu hapo mpaka hatari iondolewe. Soma kifungu hicho huku ukikumbuka ile Jumatano ya Savar. Nayo Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri aripoti ajali kwa Mkurugenzi wa usalama na afya kazini ndani ya siku 7.

Basi wewe ufanye nini?

* Ikiwa unafanya kazi kiwandani, jua milango yote ya kutokea na uijaribu. Ukiona ufa mpya, nyaya zinazotoa cheche au kufuli mlangoni, ripoti kwa maandishi kupitia kamati au chama, na ubaki na nakala. Mtu mmoja hufukuzwa kwa urahisi. Watu mia wakisema pamoja husikilizwa.

* Ikiwa unakatwa pesa za uzeeni, wewe pia ni mwekezaji. Pesa hizo hununua hisa, na sheria huruhusu sehemu yake kuwekezwa ng'ambo. Katika mkutano wa mwaka wa mfuko wenu, waulize wadhamini: tuna hisa katika kampuni gani? Je, mnaziuliza kuhusu usalama wa wafanyakazi wa viwanda vinavyoziuzia bidhaa?

* Ikiwa una hisa katika kampuni yoyote ya hapa nchini, usiende mkutanoni kwa ajili ya soda na mwavuli. Uliza ni watu wangapi waliumia mwaka huo, na nini kimebadilishwa.

* Ikiwa wewe ni mwajiri, hata wa cherehani tano River Road, ng'oa kufuli mlangoni leo. Hilo halikugharimu hata senti.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Ni nani walioziona nyufa za Rana Plaza, na ni nini kilichofanya baadhi yao wabaki nje na wengine waingie?

2. Taja kasoro nne za ukaguzi unaolipiwa na kiwanda au mnunuzi.

3. Kwa nini ni afadhali kwanza mnunuzi abaki na kulipia matengenezo kuliko kuondoka?

4. Mahali unapofanya kazi, mlango wa pili wa kutokea uko wapi, na ufunguo wake anao nani?

Swali la nne usilijibu kwa kukisia. Kesho ukifika kazini, nenda ukautazame mlango huo kwa macho yako, na kama umefungwa, uliza kabla hujaketi. Wahenga hao hao waliosema ajali haina kinga ndio waliosema pia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mambo ya viwandani, hii ya pili ndiyo ya kushika.